Mgomba wa Manirakiza

Haya ni kweli tupu. Likipatikana neno moja la uongo humu, msimulizi atatoa dumu zima la rubisi, pombe yetu ya ndizi.

Asubuhi ya mkutano wa kampeni, Manirakiza alikuwa mbele ya duka lake pale Nyakasimbi, akigeuza kahawa juu ya turubai. Alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa mgongoni mwa mama yake. Alianza kwa kuuza chumvi ya kupima kwa kikombe, akafikia mashine ya kukoboa kahawa, uraia akapata, na sasa alikuwa anagombea udiwani. Alichokitaka zaidi hakumwambia mtu: aitwe wa hapa.

Mkutanoni akasimama Kokuhirwa, mteja wake wa miaka yote.

"Baba Uwamahoro, sukari yako hatuna neno nayo. Ila sisi vitovu vyetu vimezikwa kwenye migomba yetu, hapa hapa. Chako kiko wapi?"

Watu wakacheka. Manirakiza akajibu kwamba mgomba wake uko Burundi na hajawahi kuuona.

Hajakaa vizuri, mgomba ukafika. Ulikuja kwa barabara ya Ngara, mizizi imejaa vumbi, majani yamechanwa na upepo wa malori. Watu wakasogeza viti, ukapita. Ukaenda kusimama nyuma ya duka, ukajichimbia. Manirakiza aliushika shina, akalikuta lina joto kama mgongo wa mtu aliyetembea. Akaenda kuuchotea maji.

"Haya, kitovu tumekiona," alisema Kokuhirwa. "Ila na huo mgomba nao ni wa kuja."

Udiwani walimpa, maana barabara aliyoahidi waliitaka. Mgomba ukazaa mkungu wa kubebwa na watu wawili. Wakala, wakausifu. Msimu uliofuata ukazaa mwingine, mkubwa zaidi, na...

"Ishia hapo hapo, mzee Telesfori!" Kokuhirwa akamkatiza msimulizi. "Mgomba ukishazaa unakatwa. Kutembea, sawa, tuliuona wote. Kuzaa mara mbili? Nani kakudanganya?"

Telesfori akajikuna kisogo, akainuka kwenda kuleta dumu. Walikuwa wamekaa nyuma ya duka, kwenye kivuli cha machipukizi ya mgomba ule, yaliyoota pale pale na sasa yamewapita watu urefu.

Kokuhirwa akajaza kibuyu cha kwanza, akawatazama wote mmoja mmoja.

"Mpeni mgeni aanze."

Diwani Manirakiza akakipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akanywa.