Likizo ya Mvua

Kwenye shamba la ngano la serikali, dereva wa trekta hapewi likizo mpaka mvua isimamishe kazi. Safari hii Margwe alipewa siku saba. Letisia, mkewe, alishafunga mizigo ya kwenda Daudi, kwa bibi ambaye watoto walimjua kwa jina tu.

"Twende hivi hivi, Baba Fabiola. Tope haliui mtu."

"Basi limenasa Gendabi tangu juzi. Tusubiri barabara ikauke."

Ikauke! Mwaka wa tatu huu anasikia neno hilo hilo.

Siku ya nne jua likawaka. Barabara ikakauka, na udongo wa shamba nao ukakauka. Letisia alipomwona msimamizi anakuja na funguo za trekta mkononi, hakungoja hodi. Alianza kuwavua watoto viatu.