Mwethya Ulio Kwenye Picha

Mwethya wa kina mama wa Zombe, wale wanaosaidiana mavuno, una sheria moja: usipokwenda kupiga ndengu za wenzako kwa fimbo zitoke kwenye maganda, zako utazipiga peke yako. Mwongeli hakuwahi kwenda kupiga. Kila walipokusanyika alikaa kando na kanvasi yake, akiwachora kwa rangi za mafuta, fimbo juu, leso viunoni.

Sasa ndengu zake zilikuwa zimekauka. Alfajiri alipika sufuria kubwa ya muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, maana huenda wangemhurumia. Hakuja mtu. Kwa hasira akaitoa ile picha, rangi bado mbichi, akaiegemeza kwenye mti pembeni mwa uwanja wa kupigia ndengu.

"Haya, kaeni hapo mniangalie!" akaifokea, akaanza kupiga.

Upepo ulirusha makapi kutwa. Jioni alipoinamia picha, aliwakuta kina mama wote wamejaa makapi na vumbi usoni, kama watu waliotoka kazini. Alishika kisu cha rangi awakwangue, kisha akakirudisha mfukoni.

"Asanteni kwa kuja," akasema, akaingia jikoni kupakua muthokoi. Alitoa sahani moja.