Jina Ambalo Sijalitaja

…na bado hajapiga chafya, wamemtaja mzee Kimaiyo, wamemtaja baba yake Kimaiyo, mtoto amelala tu mikononi mwa Chepkorir mkunga kama hasikii, ugoro umepakwa chini ya pua yake, kidogo tu, maana ndivyo wanawake wetu wanavyofanya mtoto akizaliwa, wanaita wafu wa ukoo mmoja mmoja, na akipiga chafya basi yule aliyeitwa ndiye amekubali kurudi ndani yake, na mimi Milcah, niliyebatizwa, ninayeongoza maombi ya akina mama, nimekaa hapa kando ya moto nimeshika kibuyu cha maziwa badala ya kusimama niseme acheni, nisamehe Bwana, nilikuja kumwona mjukuu tu, hapana, hata hilo si kweli, nilijua wataita, nikaja…

"Huyu ana pua ya mzungu," Chepkorir anasema, "ugoro haumsumbui," na wanacheka, nami nacheka, kisha anainama, "Kiplangat, ni wewe? Kiplangat?" ndugu ya mume wangu huyo, aliyechukuliwa vita vya kwanza vya Mjerumani kubeba mizigo ya jeshi, akafia Tanganyika kwa kuhara, nilikuwa ndiyo kwanza nimeolewa, mwenzake aliyemzika alirudi na mkanda wake, akaketi akatuambia ni mto gani, chini ya mti gani, tukanyoa nywele, tukalia, tukamaliza, na vita hivyohivyo ndivyo vilivyomleta Bwana mwenye shamba hili, akapewa malisho yetu ya huku Rongai kwa sababu alipigana, na Kiplangat je, yeye alibeba tu, sijui, mambo hayo yananishinda… mtoto amekunja uso, ameukunjua.

"Kiplangat naye hataki. Amebaki nani?"

Hakuna anayenitazama. Chepchirchir, mke wa mwanangu Kosgei, ameinama kitandani, maziwa yamemlowesha nguo, "Kogo, bibi yangu, si anyonye kwanza," na Chepkorir anamjibu, "Atanyonya nani, nasi hatujamjua? Ngoja, mama," na wote wanajua amebaki nani, amebaki Kipkemei, kifungua mimba wangu, aliyepanda lori la jeshi pale barabarani akicheka na suruali ya kuazima, akaenda Burma, vita vya pili, halafu Bwana wa shamba akaniita kwenye zizi la kukamulia, kofia mkononi, akasema mwanangu haonekani, nikauliza, amekufa? akasema hapana, mama, haonekani, ndama asiyeonekana si hutafutwa, nani alimtafuta… na Owuor wa reli, aliyekuwa naye huko, nilimfuata hadi Nakuru, akaniambia mvua ilikuwa nyingi, walivuka mto gizani, kulipokucha hayupo, "lakini Mjapani alikuwa anashika watu, mama, na kushikwa si kufa," alisema hivyo kwa kuwa alijua, au kwa kuwa nilikuwa nimemshika mkono simwachilii? Basi sikunyoa. Wenzake wamerudi na makoti marefu, makoti yamechakaa, mfalme waliyempigania amekufa na binti yake amekalia kiti, na mimi kila Jumapili nasema mwombeeni aliye safarini, na mchungaji Micah anaomba, lakini siku hizi anaomba haraka haraka.

Nikilitaja jina lake nimemzika kwa mdomo wangu mwenyewe, bila mto, bila mti, na kama yuko mahali, amezeeka kidogo, ana mke wa kule, mama gani humwita mwanawe pamoja na wafu… lakini hakuoa, hakuacha hata binti, na Chepkorir aliniambia tukichota maji kwamba asiyeitwa katika mtoto hupotea kabisa, nikamwambia huo ni ushenzi, Mungu anajua majina yote, roho haipiti kwenye pua ya mtoto, na kama ni ushenzi, kulitaja kuna hasara gani? na kama si ushenzi, nimemfungia nje miaka yote hii, yeye na mvua ile… sijui, Bwana, ninakuuliza wewe hapa ambapo hupendi niwepo…

"Milcah," Chepkorir anasema polepole, "huyu mtoto ana njaa."

Ameshikilia ugoro kidoleni, anangoja, moto unalia, mtoto amefumbua macho anatazama paa, na mimi niliyekuja hapa nikiogopa chafya, niliyesali njia nzima Kimaiyo akubali, akubali yeyote, nasikia moyo unaogopa kitu kingine, kwamba nitalitaja, na mtoto atalala vilevile, hatakunja hata uso, na Kipkemei hatakuwa kwa walio hai wala kwa wafu, piga, mwanangu, piga chafya, na sijafungua mdomo.