Kishada cha Manjano

Kuna wanaume ambao wakigonga miaka arobaini na mitano hununua pikipiki, na kuna wanaotafuta mke wa pili. Kinyozi mmoja alinunua upanga wa mwanga. Mkewe, fundi cherehani, alipomkuta sebuleni akilipunga lile bomba gumu la plastiki lililowaka buluu kutoka shinani hadi nchani, alishukuru kimoyomoyo kwamba si mke wa pili. Kisha akaanza kuogopa, na hakuacha kuogopa tena.

Msimcheke. Bomba lile lina taa tu ndani yake, lakini likikupata kwa nguvu linaacha alama nene kama kidole. Kinyozi alirudi nyumbani na alama za namna hiyo mapajani na mabegani, akizionyesha kwa fahari, huku mkewe akimkanda kwa maji ya moto na kumwita majina yasiyoandikika. Wenzake wa klabu ya upanga wa mwanga walimwita Wembe, na yeye alilipenda jina hilo kuliko alilopewa na wazazi wake.

Mchezo wao ulikuwa na sheria moja waliyoishika kama dini. Mwamuzi hana macho ya kufuatilia mabomba mawili yanayoruka gizani, kwa hiyo aliyeguswa hujitaja mwenyewe. Huinua mkono, husema kwa sauti "Nimeguswa," kisha huweka kiganja mahali alipoguswa. Neno hilo likitoka, kila mtu husimama pale pale, hata kama mguu uko hewani. Anayeguswa akanyamaza hufukuzwa. Na kulisema kwa uongo, hilo halijawahi kutokea.

"Huu mchezo usingekufaa, mke wangu," Kinyozi alimtania siku moja mezani. "Wewe hata ukikatwa kichwa utasema ulikuwa unainama kuokota sindano."

Fundi alicheka, lakini ilimchoma, maana ilikuwa kweli. Hakuwahi kukiri kosa tangu avae kidani cha futi ya kupimia shingoni. Mwaka mmoja alimshonea mteja shati lenye mikono miwili ya kushoto. Mteja alipolalamika, Fundi alimwangalia juu hadi chini na kumwambia kwamba bega lake moja limeshuka, akamwone daktari. Maskini ya Mungu akaenda kweli.

Mwaka huo klabu ilihamia ukumbi wa juu ya duka la matairi, na huko ikakuta wenyeji: kundi dogo la upanga wa Kichina wa zamani. Mwalimu wao alikuwa Mchina mzee, fundi saa, mwembamba, mpole, asiyepandisha sauti. Alifundisha upanga uitwao jian, mnyoofu, mwepesi, wenye makali pande zote mbili. Alikuwa nazo mbili. Ya kwanza alirithi kwa babu yake, nayo ilikuwa na makali ya kunyolea. Ya pili aliagiza ifuliwe kwa mfano wa ile ile, uzito ule ule, mpini ule ule, ala nyeusi ile ile, ila ilikuwa butu. Alitaka zilingane makusudi, ili mkono wa mwanafunzi usizoee upanga wa kuchezea. Tofauti ilikuwa kishada cha nyuzi kilichoning'inia mwishoni mwa mpini. Chekundu, makali. Cha manjano, butu.

Naye Mwalimu alikuwa na sheria yake. Upanga hauchomolewi kwa kuchungulia. "Ukiuchomoa, uwe na kazi nao," alisema, na hakuna aliyethubutu kuvuta ala hata kidole kimoja bila kazi. Walitazama kishada, wakakiamini.

Makundi yale mawili yalizoeana, hata Mwalimu naye akaishika sheria ya kuguswa. Yakaamua kufanya maonyesho ya pamoja Jumamosi alasiri, madirisha yakiwa yamezibwa kwa vitambaa vyeusi. Mwalimu mwenye jian butu angepambana na Wembe mwenye upanga wa mwanga. Baadaye, taa zikiwashwa, Mwalimu angechukua ile yenye makali akate mkeka uliolowekwa, watu wapige makofi waende zao.

Pambano lilikuwa na mapigo saba yaliyopangwa. Kinyozi aliyafanyia mazoezi nyumbani kwa ufagio hadi Fundi akayajua kwa moyo: bega, goti, kifundo, juu, ubavu, mzunguko, shingo. Pigo la saba ndilo lililomnyima Fundi usingizi. Mwalimu alilaza upanga chini ya sikio la Kinyozi, akauvuta kuelekea kwake polepole, chuma kikipita juu ya ngozi, na Kinyozi akaanguka kwa magoti. Tena bila kofia ya wavu ya kukinga uso, eti watazamaji wauone uso wa mshindwa.

Mara mbili Fundi alienda mazoezini, na mara zote mbili lilipofika la saba alishindwa kuvumilia, akapiga kelele: "Basi! Simameni!" Wakasimama, wakacheka. Mara ya pili Mwalimu alimwinamia kwa heshima, kisha akawaambia wenzake, "Siku yenyewe Mama akipiga kelele, sisi tunaendelea."

Siku tatu kabla ya maonyesho, Kinyozi alileta jian zote mbili kwenye kibanda cha ushonaji. Vishada vilikuwa vimechakaa kiasi kwamba chekundu na cha manjano vilifanana, vyote rangi ya chai. Kinyozi alizilaza panga juu ya meza ya kukatia.

"Ya kulia kwako ina makali. Ya kushoto butu. Usizichomoe."

"Nizichomoe za nini? Nenda kanyoe watu."

Alifumua vishada vyote viwili kwa mkupuo mmoja, akasokota vipya vya hariri. Jioni mwanga ulipopungua alihamishia kiti upande wa pili wa meza, karibu na dirisha, akashona chekundu kulia na cha manjano kushoto. Vilipendeza. Alivipiga pasi kwa mbali, akafunga kibanda.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Fundi alikaa safu ya nne na wifi yake, dada yake Kinyozi, mwanamke mnene wa maneno mengi aliyekuja na mto wake wa kukalia.

"Wifi, unatetemeka hivyo, wewe ndiye unayepigwa?" alisema.

"Niache, wifi. Kaka yako ana kichwa kimoja tu."

"Na chenyewe hakina kazi kubwa, usijali."

Kiongozi wa klabu, dada mmoja muuza miwani, alipanda jukwaani na kipaza sauti. "Mabibi na mabwana, kulia kwenu ni Mwalimu! Kushoto kwenu ni Wembe! Wao wanaona kinyume, maana wanawatazama nyinyi. Kulia kwenu ndiyo kushoto kwao!" Watu wakacheka. Taa zikazimwa.

Fundi hakucheka. Neno lile lilimkaa kichwani kama sindano iliyopotelea kwenye nguo, unajua ipo, hujui itachoma wapi. Kulia kwenu ndiyo kushoto kwao. Upanga wa Kinyozi ukawaka buluu. Kwa mwanga wake Fundi alimwona Mwalimu akiinua jian, ikiwa bado alani, na kishada cha manjano kikining'inia chini ya mkono wake, kipya, kizuri. Ndipo Fundi alipokiona kiti chake. Alikiona alivyokikokota kuzunguka meza, kwenda dirishani, panga zikibaki pale pale zilipolazwa.

Akajiambia hapana. Labda alizigeuza panga pia. Labda alihama baada ya kushona. Alijaribu kukumbuka akashindwa. Mtu mzima hasimamishi ukumbi mzima kwa sababu ya kiti. Na akisema, itabidi aseme ni yeye. Aibu hiyo, mbele ya wifi!

Jian ikachomolewa. Ngoma zikaanza kutoka kwenye spika. Bega, pigo la kwanza, chuma na plastiki vikagongana. Goti, la pili.

Hapo ndipo alipoona. Katikati ya bomba la buluu palikuwa na nukta nyeupe, kali kuliko mwanga wote uliobaki. Plastiki ilikuwa imechanjwa, na mwanga ulivuja pale. Miezi minane ya mazoezi jian butu ilikuwa imelikwaruza tu bomba lile. Haikuwahi kulichanja.

"Wifi," alisema, akimshika mkono. "Wifi, ule upanga una makali."

"Ee, ndiyo mchezo wenyewe."

"Makali ya kweli! Nimekosea kushona, wifi!"

"Kaa chini bwana, unanizibia."

Kifundo, la tatu. Nukta ya pili ikatokea kwenye bomba. Fundi alisimama, akapiga kelele kwa nguvu zake zote: "Basi! Simameni! Simameni!" Mwalimu hakugeuza hata jicho. Kinyozi alitabasamu, Fundi alimwona kabisa akitabasamu, yule mume wake mjinga, kama anayesema huyo ni mke wangu, ndivyo alivyo. Watazamaji wakaangua kicheko. Mmoja nyuma akaiga: "Simameni!" Mwingine naye: "Simameni, mama anaogopa!" Ukumbi mzima ukashika wimbo.

Juu, la nne. Fundi alikuwa ameshaingia kwenye safu, akikanyaga miguu ya watu gizani, akisukuma magoti, akitukanwa. Alikuwa na hofu ya namna ambayo hajawahi kuijua, isiyo na machozi wala sala, yenye hesabu tu. Ubavu, la tano. Mbele yake kulikuwa na safu mbili za viti vilivyobanana, na jukwaa bado mbali, na hata angefika angefanya nini? Angemshika nani mkono, yupi kati yao, asimsukume mwingine kwenye chuma?

Mzunguko, la sita. Ngoma zikanyamaza, kama ilivyopangwa, ili watu washike pumzi. Kelele za utani zikafa. Mwalimu alizunguka kwa wepesi wa kijana, upanga wa mwanga ukashushwa, na Kinyozi akainua kidevu, akatoa shingo. Shingo ile ile ambayo Fundi alikuwa akiinyoa kwa nyuma kila Ijumaa, maana kinyozi hajinyoi kisogo. Jian ikalala chini ya sikio. Mkono wa Mwalimu ukaanza kuvuta.

"Nimeguswa!" Fundi akapaza sauti.

Kila kitu kilisimama. Mwalimu alisimama mkono ukiwa nusu ya mvuto. Kinyozi alisimama, hakumeza hata mate. Wenzao waliokuwa wakingoja pembeni na mabomba yao waliganda mmoja mmoja walipokuwa, muuza miwani akiwa na mguu mmoja kwenye ngazi. Watazamaji, wasiojua sheria yoyote, walinyamaza kwa sababu wale walinyamaza.

"Usivute," alisema Fundi. "Mwalimu, nakuomba, usivute. Inua tu."

Mwalimu aliinua upanga moja kwa moja juu, polepole sana, jinsi anavyoinua gurudumu la saa kwa koleo. Taa zikawashwa. Chini ya sikio la Kinyozi palikuwa na kipande cha ngozi tupu, upana wa vidole viwili, ndevu zimeondoka safi, na katikati yake mstari mwembamba ulioanza kuwa mwekundu. Kinyozi alipapasa. Akatazama zile nywele zilizobaki kwenye vidole vyake. Miaka ishirini ya kushika wembe ilimtosha kujua kilichompitia, akaanguka kwa magoti. Safari hii hakuwa akiigiza.

Mwalimu alikitazama kishada cha manjano, akalitazama bapa la upanga. Aliushika kwa mikono miwili. Kisha akageukia ukumbi.

"Nani ameguswa?" aliuliza. Ndiyo sheria, na ilibidi mtu aitimize.

Fundi alikuwa amesimama kati ya viti, kiatu kimoja hana. Aliinua mkono.

"Mimi," alisema. "Vishada nimeshona mimi. Nilihamisha kiti nikasahau kulia ni wapi. Ni kosa langu, si la mtu mwingine."

Wachezaji walimngojea amalize, kama wanavyomngojea kila anayeguswa, aonyeshe ni wapi. Fundi hakujua aweke wapi kiganja. Mwishowe akakiweka shingoni, chini ya sikio, akamtazama mumewe, naye mumewe alikuwa amekiweka chake pale pale.