Besi Nyuma ya Kiti cha Natalia

Mke wangu Natalia hakuwa mwimbaji. Nalisema hilo mapema, maana watu wakisikia marehemu alikuwa mwanakwaya wanadhani alikuwa na sauti. Sauti hakuwa nayo. Alikuwa anapiga ngoma, ile kubwa ya kusimama, ya ngozi ya ng'ombe. Akiipiga kwenye kigango chetu huku Mpimbwe, unaisikia kwanza tumboni, ndipo masikio yanapata habari.

Alifariki mwaka juzi, masika. Gari la wagonjwa lilikuwepo, dereva alikuwepo, mafuta ndiyo hayakuwepo. Nikampakia kwenye kirikuu yangu, kale kagari kadogo ka mizigo, akakaa kiti cha pembeni akiwa amejifunga khanga tumboni, na tukaenda kukwama kwenye tope la barabara ambayo kila uchaguzi tunaambiwa mkandarasi yuko njiani. Sina la kuongeza hapo. Wanaohusika wanajijua, na usingizi wanaupata.

Kilichobaki ni flashi ya nyimbo za kwaya. Kwaya ilikwenda kurekodi Mpanda mjini, halafu video wakaipigia mtoni, Natalia kasimama mbele kabisa na kitenge cha njano, mikono inapanda na kushuka juu ya ngoma. Video nilikuwa naiangalia kwa jirani. Nyimbo nilikuwa nazisikiliza kwenye gari, na shida ilikuwa humo. Redio ya kirikuu ina spika mbili ndogo kama visosi, ziko chini kwenye milango. Kina mama wanasikika, kinanda kinasikika, hata kayamba. Ngoma hakuna. Panapotakiwa ngoma, spika inakohoa tu kama mtu aliyepaliwa na ugali. Tangu azikwe nimesafirisha mpunga wa watu nikiwa na kwaya nzima ndani ya gari isipokuwa mke wangu.

Kijana mmoja kwenye mashine ya kukoboa akaniambia, "Mzee, hapo dawa yake ni besi. Weka sabufa." Mwaka huu mpunga ulipokubali, nikaenda Mpanda kutafuta dawa.

Fundi niliyeelekezwa anaitwa Dulla, ana banda lake Nsemulwa, limejaa redio zilizofunguliwa matumbo. Akanipa shikamoo vizuri, nikapenda.

"Nataka besi," nikamwambia.

"Ya kupigia wapi, mzee wangu? Harusini?"

"Humu."

Akaingiza kichwa ndani ya kirikuu, akakitoa, akacheka. "Humu hata wewe mwenyewe umeingia kwa kukunjwa."

Wenye magari makubwa hawaijui kirikuu. Injini iko chini ya makalio. Magoti yanabusu dashibodi. Nyuma ya kiti ni bati, na baada ya bati ni mzigo. Aliyeitengeneza alifikiria mpunga, mtu akamkumbuka mwishoni.

"Wenzako wenye vigari vya IST wananiletea buti zima," Dulla akasema. "Naweka boksi kubwa, natia spika, nakaa pembeni nakunywa kahawa. Wewe buti lako liko wapi?"

"Weka huko kwenye mzigo basi."

"Mvua moja tu imekufa. Na isipokufa, watakufungulia wakati uko kwenye chai."

"Chini ya kiti?"

Akanyanyua kiti. Joto la safari likatupiga usoni. "Hapa tutakaanga chapati, siyo kupiga muziki."

Akaingia ndani, akatoka na kitu chembamba kama sinia lililofunikwa. Akaniambia spika iko humo humo, na amplifaya yake iko humo humo, haihitaji boksi lingine. Inatengenezewa watu wasio na nafasi. Nikasema kama ni watu wasio na nafasi, basi nchi hii watauza sana. Akacheka, akakilaza kwenye sakafu mbele ya kiti cha abiria.

"Hapa kinakaa vizuri kabisa."

"Hapana. Hapo panawekwa miguu."

"Miguu ya nani? Si unabeba mpunga?"

Nikakipangusa kile kiti kwa kiganja. Akanitazama kidogo, akakiondoa bila kuuliza tena. Nikaanza kumwamini kuanzia hapo.

Ilibaki nyuma ya mgongo wa kiti hicho, kile kijinafasi ninachotupia jeki na matambara. Akakisimamisha humo wima. Kikagoma kwa unene wa kidole. Akasukuma, akageuza, akapima tena kwa kipande cha kadibodi, mwisho akasema atatoboa matundu mapya kwenye vyuma vya kiti na kukisogeza mbele kidogo.

"Lakini abiria wako atakaa wima kama anaapishwa."

"Wanaoapishwa wanakaa vizuri kuliko sisi."

"Mzee, wewe una hasira na watu," akasema, akachukua bisibisi.

Alifanya kazi vizuri, siwezi kumsingizia. Alivuta waya mnene kutoka kwenye betri, akaweka fyuzi hapo hapo karibu na betri, akaniambia waya ukichubuka ukagusa bati bila fyuzi, nitarudi kwetu kwa miguu na gari litabaki jivu. Akakwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, akafunga waya wa pili hapo. Redio yangu ni ya zamani, haina tundu la kuchomeka kitu kama hicho, kwa hiyo sauti akaichukua kwenye nyaya za spika za mlangoni. Kile chombo akakibana kwa mikanda ya chuma, katikati akaweka vipande vya raba ya tairi kisigonge bati kwenye makorongo.

"Nipe wimbo unaoujua wewe," akasema. "Siyo ninaoujua mimi."

Nikampa flashi.

Mwanzoni ilikuwa mvumo tu, kama lori linapita nje. Akapunguza huku, akaongeza kule, akabonyeza kiswichi kidogo cha pembeni. Na ngoma ikaingia. Haikuingia masikioni. Ilinipiga mgongoni, katikati ya mabega. Nikashika usukani wa gari lililosimama.

"Karibu, mama Richard," nikasema.

Dulla alijifanya anaangalia nyaya. Wimbo ulipoisha akasema, "Ngoma imenyooka hii, mzee. Haipotei hata punje."

"Ni mke wangu huyo anayepiga. Marehemu."

Akafungua mdomo kama anataka kusema kitu. Akaufunga, akafuta bisibisi yake kwenye suruali. "Mungu amrehemu," akasema.

Nikaondoka nikiwa mtu mwingine. Niliona hata barabara ni nzuri, na mtu wa kwetu akiona barabara ni nzuri ujue ana jambo. Stendi nikamkuta Evaline na ndoo yake ya dagaa, anatafuta usafiri wa Majimoto. Evaline anaimba mstari wa mbele kwenye kwaya yetu, na alikuwa rafiki wa Natalia tangu wasichana. Nilifurahi sana kumwona. Nilitaka mtu wa kusikia pamoja naye.

"Shemeji, hiki kiti kimekuwaje?" akalalamika akijipenyeza. "Nimekaa kama picha ya kipaimara."

"Vumilia, utaona sababu yake."

Tulipovuka Sitalike na kuingia hifadhini tukapandisha vioo, maana mbung'o wa pale hawaombi ruhusa. Joto likawa la kuchemsha mayai. Nikaona huu ndio wakati, sauti haina pa kukimbilia. Nikawasha, kwa chini.

"Hifadhini, baba Richard! Kelele haziruhusiwi."

"Najua. Wanyama wana wakubwa wao wa kuwatetea. Sikiliza tu."

Ngoma ikaanza kutembea migongoni mwetu. Nikasubiri Evaline alie, au apige kigelegele, au aseme jina. Akaangalia dirishani kama kuna tembo. Tembo hakuwepo.

"Unamsikia?"

"Nasikia."

"Sasa mbona umenuna?"

"Sijanuna, shemeji. Zima kwanza."

"Nizime? Nimetoka Majimoto mpaka Mpanda kwa ajili ya kumsikia huyu, wewe unaniambia nizime?"

Akashika ndoo yake kwa mikono miwili. "Baba Richard, huyo siyo Natalia."

Nikaendelea kuendesha. Mbung'o mmoja alikuwa anajigonga kwenye kioo kwa nje. Nikamwambia arudie, akarudia.

"Studio yenyewe ilikuwa chumba kimoja," akasema, "kama hiki kigari chako, magodoro yamepigiliwa ukutani. Tulisimama tumebanana. Natalia akapiga mara moja tu, vitu vikaanza kuanguka kwenye rafu. Yule mtaalamu akasema ngoma itoke nje, yeye ana ngoma kwenye kompyuta. Mwenyekiti akasema sawa, ndiyo kisasa."

"Salvator?"

"Salvator. Na sisi wengine hatukubisha. Kwaya zote wanafanya hivyo."

"Na yeye?"

"Alikaa nje barazani na ngoma yake mpaka tukamaliza. Alitununulia karanga."

"Mbona video yupo anapiga? Nimemwona kwa macho yangu!"

"Video tulikuwa tunafungua midomo tu, nyimbo inatoka kwenye spika. Ngoma walisema inapendeza kuonekana. Alikuwa anaigusa. Alikatazwa kuipiga, isije ikachanganya."

Nikapunguza mwendo. "Mbona hakuniambia?"

"Uliwaambia watu wote wa mashineni kwamba mkeo amerekodi. Akasema, muacheni."

Nikanyoosha mkono, nikazima redio, nikakanyaga mafuta mpaka Kibaoni. Aliposhuka Majimoto alinishika bega kupitia dirishani, akasema, "Pole, shemeji," kama ile aliyosema siku ya msiba. Nikamwitikia kama nilivyowaitikia wote siku ile, bila kumwangalia.

Nikaenda moja kwa moja kwa Salvator. Salvator ni mwenyekiti wa kwaya, ni mwenyekiti wa umoja wa wenye mashine, na kama kutaanzishwa umoja wa vipofu atakuwa mwenyekiti kwa kuona mbele. Nilimkuta anageuza mpunga kwenye turubai.

"Ulimtoa mke wangu nje."

"Anselmo, karibu kwanza. Kaa."

"Sikai. Ulimtoa nje, studio."

Akaegemea reki yake. Alikumbuka, nikaona usoni anakumbuka. "Sikumtoa yeye. Ilitoka ngoma."

"Yeye na ngoma unawatofautishaje?"

"Mtaalamu ndiye alisema. Sasa mimi nibishane na mtaalamu? Na kwenye video tulimweka mbele kabisa, mbele ya wote. Hukuona?"

"Niliona. Kama mnavyotupanga sisi barabarani siku ya mgeni rasmi. Tupige makofi, tupigwe picha, turudi nyumbani na njaa."

"Usilete siasa kwenye nyimbo za Mungu."

"Nyie ndio mlileta kompyuta."

Akasema ataniombea. Nikamwambia aanze kwa kujiombea mwenyewe, nikapanda gari. Nilitaka aseme amekosa. Hakusema, na hatasema, kwa sababu mtu akishapewa kiti anasahau neno hilo linaanzaje.

Nikasimamisha gari kwenye mashamba ya mpunga yaliyokwishavunwa, jua likiwa bado juu. Nikaingiza mkono nyuma ya kiti, nikaushika ule waya mnene nikitaka kuung'oa na kutupa kila kitu mtaroni. Nilipojinyoosha, kiwiko kikagonga redio, wimbo ukaendelea palepale tulipouzima.

Ulikuwa ule wa kutoa sadaka. Kina mama wamepanda juu, wanaivuta sauti, wanaivuta, halafu ngoma inatakiwa iwashushe. Ile mashine ya studio ikapiga.

"Umewahi mno," nikasema.

Nilisema kwa sauti, peke yangu, mkono bado uko kwenye waya. Nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena. Kweli imewahi. Natalia asingepiga pale. Pale alikuwa anaangalia mabega ya wale bibi wawili wa mwisho, ambao pumzi zao ni fupi, na mpaka mabega yapande na kushuka ndipo anapiga. Kanisa zima lilikuwa linangojea bibi wawili, na hakuna aliyejua kwamba linangojea. Nami nilikuwa sijui. Nilikuwa nakaa benchi la wanaume nikidhani ngoma inakwenda tu yenyewe.

Mashine haimngojei mtu. Sasa nilikuwa nawasikia hata waimbaji, jinsi walivyonyang'anywa pumzi, mmoja anakata neno ili awahi. Kama isingekuwa ile besi kunipiga mgongoni kwa makosa, nisingejua mahali pa haki pa kupiga pako wapi.

Nikauachia waya. Nikashusha kioo, nikatoa mkono nje, nikauweka juu ya bati la mlango. Ubeti wa pili ukaja, kina mama wakapanda.

Mashine ikapiga.

Nikasubiri bibi wawili wavute pumzi, ndipo nikapiga.