Kitara Kilichonasa Alani

Baba wa mchumba wangu hakuja kwenye jumba la makumbusho ninamofanya kazi kutazama silaha. Alikuja kunitazama mimi, aamue kama nafaa kumwoa binti yake. Mtu mwenye akili timamu angemkaribisha kiti na kumwuliza habari za safari. Mimi nilimfungulia kabati la vitara, zile panga zilizopinda.

"Hiki cha Uajemi, mzee. Kimepinda kama kucha ya paka. Kazi yake kuchanja, si kuchoma. Hiki cha Kituruki kinapanuka karibu na ncha, ndiyo maana pigo lake zito. Cha Kihindi utakijua kwa kile kisahani mwishoni mwa mpini. Na hiki cha askari wapanda farasi wa Ulaya kimepinda kidogo tu, kina kinga ya vidole."

"Ahaa," alisema mzee. Aliitikia hivyo kila nilipopumua, nami kwa ujinga wangu nikadhani ananisifu. Mchumba wangu, aliyekuja naye, alinikonyeza ninyamaze. Nikaongeza sauti. Debe tupu haliachi kuvuma.

Nikachukua cha Uajemi nimwonyeshe mbwembwe za kukirudisha alani bila kutazama. Nikakisukuma. Kikaingia nusu, kikanasa. Kumbe nilikuwa nimeshika ala ya kile cha Ulaya, ile isiyopinda sana. Bingwa wa tofauti!

Nikavuta, wapi! Jasho likanitoka. Mzee akavua koti, akashika mpini, mimi nikashika ala, tukavutana mbele ya binti yake kama watu wanaogombea ndoo bombani.

"Kijana," akasema akihema, "vitara vyote umenieleza. Sasa niambie, huyu binti yangu ana tofauti gani na wengine?"

Mimi, kasuku wa jumba zima, nikaacha kuvuta. Niliogopa kumkosa, niliogopa kwelikweli.

"Nikijiaibisha, mzee, kwanza hunicheka," nikasema. "Halafu huja kunitoa."

Mzee akageuza shingo. Binti yake alikuwa ameegemea kabati, anafuta machozi ya kicheko. Alipotosheka kucheka, akakunja mikono ya gauni, akaja kuishika ile ala pamoja nami.

Mzee akatutazama wote wawili, akakaza mkono kwenye mpini.

"Haya, wanangu," akasema. "Vuteni."