Ukurasa Usio na Tarehe

Fundi wa vyerehani alijaliwa watoto wawili, na wote wawili aliwabandika majina ya vipuri. Wa kwanza, wa kiume, alimwita Bobini, kwa kile kigurudumu cha uzi kinachozunguka chini ya sindano, maana tangu anatambaa mtoto yule hakujua kutulia. Wa pili, binti, alimwita Sindano. "Mdogo, lakini akikugusa utajua," alisema, na wateja wakacheka. Majina ya vyeti yalibaki kwenye vyeti. Hata binti alipoolewa akazaa, na majirani wakaanza kumwita Mama Jino, kwa ajili ya mtoto wake aliyeota jino moja akakaa nalo miezi mitatu kama mlinzi wa peke yake getini, baba yake hakubadili. Sindano ni Sindano.

Bobini aliondoka nyumbani miaka sita iliyopita. Alikuwa amebeba kichwa cha cherehani cha mteja, kikamponyoka, kikapasukia kwenye mguu wa meza. Baba yao, mtu ambaye hakuwahi kumgusa mtoto, alimzaba kofi mbele ya wateja wanne, akamwambia mikono yake iliumbwa kwa kubomoa. Kijana alifuta mikono kwa kitambaa, akakikunja kitambaa vizuri, akakiweka juu ya meza, akatoka. Namba yake ya simu ikafa juma lile lile.

Hasira hasara, na hasara hii mzee aliikalia kimya miaka minne na ushei. Mama yao alikwisha kufariki zamani; hakukuwa na wa kumsukuma. Ndipo Sindano, mja mzito wa miezi minane, alipoanza masomo ya jioni ya kutengeneza tovuti, na baba yake akaanza kuuliza kwa kuzungukazunguka.

"Hiyo tovuti yenu, inasikika mpaka wapi?"

"Haisikiki, Baba. Inaonekana."

"Haya, bibi msomi. Inaonekana mpaka wapi?"

"Dunia nzima."

Mzee aliligeuzageuza kopo la mafuta mkononi. "Basi nitengenezee moja ya karakana. Na huko nyuma yake, ambako wateja hawafiki, uniandikie maneno mawili."

Hayakuwa mawili. Yeye alisema, binti akaandika: "Bobini, ni mimi baba yako. Kile kichwa cha cherehani kilikuwa chuma tu. Nilikosea kukupiga, tena mbele za watu. Cherehani chako kipo palepale dirishani, nakitia mafuta kila Jumamosi. Njoo, hata kama ni kusalimia tu. Nakusubiri."

"Niweke na tarehe, Baba?"

"Tarehe ya nini? Mtu akiitwa nyumbani, anaitwa siku zote."

Tangu tovuti ilipokuwa tayari, Sindano naye akiwa amekwisha kujifungua, kila Jumamosi alipopita karakanani na mtoto mgongoni, mzee aliuliza neno moja: "Ameona?" Naye akajibu, "Bado, Baba." Mzee akasema, "Labda ana shughuli," kisha akaenda dirishani na kopo lake. Tone moja juu, tone moja chini, gurudumu akalizungusha kwa kiganja mara tatu. Jumamosi baada ya Jumamosi, miezi kumi na mitano. Halafu Alhamisi moja asubuhi moyo wake ukasimama, bisibisi mkononi, na swali likabaki halina wa kuliuliza.

Miezi mitano baada ya mazishi, Mama Jino alikuwa amerudi darasani, ngazi ya pili. Mwalimu wao, mwembamba mwenye sauti ya mtu wa futi saba, alikuwa akifundisha namna ya kutafuta kwa nini tovuti haipatikani watu wanapoitafuta.

"Tovuti isiyopatikana ni ngoma inayopigwa ndani ya godoro," alisema. "Mpigaji anavuja jasho, jirani hata hajageuza shingo. Sasa ninyi ni mafundi. Msianze kulaumu injini ya utafutaji. Uliza kwanza: mlango uko wazi? Njia ya kufika ipo? Nyumba yenyewe inafunguka, au ni nzito mgeni anachoka kibarazani? Kila mmoja achague tovuti anayoijua, aniletee ugonjwa wake."

"Na kama ni nzima, Mwalimu?" aliuliza dada mmoja wa nyuma, msusi.

"Nzima? Hata wewe una jino bovu mahali, hujalitafuta tu."

Darasa lilicheka. Mama Jino naye akacheka, akaandika kwenye daftari: karakana ya Baba.

Jioni ya kesho yake, mumewe akiwa anamlisha Jino na Jino akiwa anailisha meza, alifungua kompyuta akafanya kipimo cha kwanza walichofundishwa: unaiambia injini ikuonyeshe kila ukurasa inaoujua wa tovuti fulani. Aliandika anwani ya karakana. Jibu likaja upesi kuliko kawaida. Hakuna kilichopatikana.

Akadhani amekosea herufi. Akarudia polepole. Hakuna.

Alipoandika anwani hiyohiyo moja kwa moja, tovuti ikafunguka kama ilivyofunguka siku zote: picha ya karakana imeinama kidogo, namba ya simu, saa za kazi. Mwenye nyumba huingia kwa ufunguo wake. Hajui kama njia ya wageni imeota majani.

Alianza na makosa madogo, kama mtu anayepapasa uvimbe akiomba uwe jipu tu. Picha ya karakana ilikuwa nzito mno, akaipunguza. Ramani ya tovuti, ile orodha inayozionyesha roboti za injini kurasa zote zilipo, haikuwepo, akaitengeneza. Ukurasa wa Bobini haukuwa na kiungo hata kimoja kutoka ukurasa mwingine, kwa kuwa mzee aliona haya wateja wausome; akaweka kiungo kidogo chini kabisa, "Kwa Bobini." Kila alipomaliza moja alijiambia, ni hili, lilikuwa hili. Lakini fundi hudanganya mteja, hawezi kujidanganya mwenyewe. Picha nzito humchelewesha mgeni, haimfukuzi. Palikuwa na kitu kinachofukuza.

Alikikuta kwenye mipangilio, chini, mahali ambapo macho hayafiki bila sababu. Kisanduku kidogo na maneno pembeni yake: Zuia injini za utafutaji zisiionyeshe tovuti hii. Ndani ya kisanduku, tiki.

Akakumbuka. Ngazi ya kwanza, Mwalimu yuleyule: mkiwa mnajenga wekeni tiki hii, watu wasiione nyumba haina paa, mkimaliza, iondoeni. Alimaliza Jumanne. Alipanga kuiondoa Jumatano, picha ikishanyooshwa. Jumatano alfajiri uchungu ukamshika, Jino akaja duniani, na aliporudi kwenye kompyuta juma la nne, akiwa na usingizi wa kuazima, alifungua tovuti, akaiona nzuri, akamwambia baba yake kwamba tayari.

"Vipi?" aliuliza Baba Jino. "Mbona umekuwa hivyo?"

Alimgeuzia kioo. Ilimbidi aeleze mara mbili.

"Kwa hiyo miezi yote hiyo..."

"Nilikuwa namwambia bado. Kila Jumamosi, bado. Alikuwa anaita, na mimi nimemziba mdomo."

Mumewe alimfuta Jino mikono, kidole kimoja kimoja, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ulipenda njia fupi. "Sikiliza, mama. Iondoe hiyo tiki. Shemeji akiona, ataona. Ukurasa wenyewe hauna tarehe. Akiuliza, mwambie mzee aliandika wiki za mwisho. Nani atajua? Mimi na wewe, na huyu hapa, na huyu hasemi."

"Je, akisema alikuwa anatafuta?"

"Nani kasema alikuwa anatafuta?"

Mama Jino alikirudisha kioo upande wake. Aliondoa tiki. Ilikuwa kazi ya kidole kimoja, wala haikutoa sauti.

Kisha akaomba injini ije iikague tovuti upya, akasubiri. Siku ya tisa ukurasa wa mbele wa karakana ukapatikana. Ule wa nyuma ulichukua majuma matatu. Katikati ya kusubiri kwake alijaribu kuongeza mstari mmoja chini ya maneno ya mzee. Baba yetu amefariki. Akaufuta. Akauandika kwa upole zaidi, akaufuta tena. Chini ya neno "Nakusubiri" kila mstari ulionekana kama mlango unaofungwa usoni mwa mtu. Akayaacha maneno kama yalivyosemwa.

Simu ya karakana aliibeba kwenye mkoba, akiichaji kila siku kama mgonjwa anayepewa dawa. Iliita Jumamosi, saa tisa alasiri, akiwa karakanani anawarudishia wateja wa mwisho mashine zao.

"Shikamoo, Baba."

Alishika ukingo wa meza. Nyuma ya sauti ile palikuwa na mngurumo mkubwa, wa mashine nyingi kwa pamoja.

"Baba? Unanisikia? Ni mimi, Bobini. Nimesoma. Nimesoma leo, Baba, nimesoma mara tatu. Hata sijui nianzie wapi. Usiwe na hofu, mikono imetulia siku hizi! Nipo kiwandani, natengeneza vyerehani, vimewekwa chini yangu hamsini na mbili, utacheka..."

"Kaka."

"Eh! Sindano? Ni wewe? Sauti imekua, mama wee! Mpe Baba simu kwanza, wewe nitakusalimia baadaye, kisha leo yote ni yako."

"Kaka, tafuta mahali ukae."

"Nikae vipi, niko kazini. Mpe Baba."

"Kaka. Baba hayupo. Ametutoka. Huu ni mwezi wa sita tangu tumzike."

Mashine zilinguruma, zikanguruma, hamsini na mbili, hakuna hata moja iliyosimama. Mama Jino aliisikia moja iliyolegea mkanda, akashangaa kwamba sikio lake lilipata nafasi ya kusikia hilo.

Hatimaye sauti ikarudi, ndogo. "Lakini ameandika anasubiri."

"Alikuwa anasubiri."

"Aliandika lini haya? Hapa hapana tarehe. Aliandika akiwa mgonjwa?"

Hapo ndipo njia fupi ya mumewe ilipofunguka mbele yake, pana, imefagiwa. Ndiyo, kaka, wiki za mwisho. Maneno matano, na wote wawili wangelala. Aliangalia dirishani. Cherehani cha kaka yake kilikuwa palepale, na vumbi la miezi mitano na zaidi limekaa juu yake kama unga.

"Hakuwa mgonjwa," alisema. "Aliandika karibu miaka miwili iliyopita. Alikuita mwaka na miezi mitatu, kaka, kila Jumamosi akiniuliza kama umeona. Mimi ndiye niliyetengeneza ile tovuti. Kuna tiki ya kuizuia isionekane wakati unaijenga. Nilisahau kuiondoa."

"Tiki."

"Moja. Wiki hiyo nilijifungua. Lakini si sababu. Nilisahau."

"Sindano, mimi nilikuwa natafuta." Hakupaza sauti, afadhali angepaza. "Namba nilikuwa nayo. Sikuthubutu. Nilijiwekea, siku nikiona karakana, nikaona ametaja hata neno moja, nitapiga. Nilikuwa naandika jina la Baba na neno vyerehani. Kila mwisho wa mwezi. Nikipata watu wengine tu. Nikasema, sawa. Kanifuta."

"Hakukufuta, kaka."

"Sasa najua."

"Nisamehe."

Simu ilikuwa imekatika. Hakujua kama neno lake lilifika kabla au baada.

Bobini hakupiga tena siku ile, wala iliyofuata. Namba ambayo kaka yake alipigia, Mama Jino aliihifadhi, lakini hakuthubutu kuipiga. Alijua sasa jinsi mtu anavyoweza kuwa na namba na asipige. Baba Jino aliuliza mara moja tu, "Ulimwambia?" na alipoona jibu usoni mwake, alimbeba Jino akamtoa nje ili mama alie bila kuulizwa "mama nini?"

Kazi ya darasa aliiwasilisha. Picha nzito, ramani, kiungo, tiki. Mwalimu aliisoma akiwa amesimama, akakaa, akamaliza akiwa amekaa. Hakufanya mzaha. Alimwonyesha tu namna ya kufungua ripoti ambayo injini humpa mwenye tovuti: watu wangapi wameiona, wangapi wamebofya, waliandika maneno gani. "Huchelewa siku mbili," alisema. "Leo utaona ya juzi."

Akaifungua. Siku ya Jumamosi ile, mbofyo mmoja. Maneno yaliyoandikwa: jina la Baba, na neno vyerehani. Jumapili, mmoja. Jumatatu, mmoja. Siku zikasonga na ripoti nayo ikasonga nyuma yake ikichechemea, na kila siku palikuwa na mtu mmoja aliyeandika jina la Baba na neno vyerehani, akabofya, akaingia. Angeweza kuihifadhi anwani. Hakuihifadhi. Kila siku alitafuta upya, na kila siku akapata.

Siku kumi na moja mfululizo. Ya kumi na mbili, sifuri. Ya kumi na tatu, sifuri.

Ripoti haisemi kwa nini. Haisemi kama mtu amechoka, au ameudhika upya, au yuko safarini ambako simu haishiki. Na ya leo haiijui. Ya leo itaijua keshokutwa.

Ilikuwa Jumamosi. Mama Jino alifunga kompyuta, akamfunga Jino mgongoni, akaenda kufungua karakana. Alipangusa vumbi kwenye kile cha dirishani kwa kitambaa kikavu, kisha kwa kibichi. Kopo la mafuta lilikuwa kwenye rafu, nusu. Tone moja juu, tone moja chini. Gurudumu lilikataa mwanzoni, likalalamika, halafu likakubali. Alilizungusha kwa kiganja mara tatu, na mgongoni kwake Jino, aliyependa kila kitu kinachozunguka, akanyoosha mkono.

"Tena," alisema Jino.

Akazungusha tena, macho yakiwa barabarani.